Rehema, Shika Mafuta

Olumbi, jioni, kesho unasafiri

Mwanangu Rehema,

Assalam alaikum. Barua za watu huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako mimi naijua. Sasa hivi uko kwa bibi yako ng'ambo ya njia, umenyoosha miguu unapakwa hina, na kicheko chako kinafika mpaka huku kibarazani. Hali yangu nawe unaijua: nanuka petroli tangu alasiri na sina haraka ya kuoga. Leo niache ninuke.

Kule shambani uliniuliza, "Mama, umeifanyaje?" nikakwambia utajua. Ukaniuliza tena njiani, nikajifanya upepo umenizuia kusikia. Sikutaka kusema mbele ya watu, maana hadithi yenyewe inanicheka mimi, na unajua mama yako ni hodari wa kucheka wenzake kuliko kuchekwa. Basi nakuandikia. Utaisoma garini kesho, na ukicheka ucheke huko huko.

Ya kula, ya kuvaa na ya kusali nimeshakwambia mpaka umechoka, na mengine utayavunja kabla hujafika hata Mocímboa, sembuse huko Pemba chuoni. Hayo siyarudii. Nataka kukwambia habari ya mota.

Ulikuwa mdogo baba yako alipoinunua, Mungu amrehemu. Aliipenda hata mvua ikinyesha aliiingiza ndani, mimi na wewe tukajibana ukutani. Alipofariki watu walinishauri niiuze. Mwanamke wa kwetu na pikipiki, wapi na wapi? Nikajifunza kuiendesha alfajiri kwenye njia ya minazini, ambako wa kunicheka ni kunguru tu. Nilianguka, nikachubuka magoti yote, lakini mwezi haukuisha nikawa napeleka pweza mkavu Palma na kurudi na mchele, na wale wa wapi na wapi wakaanza kuomba lifti.

Kisha vita vikaja, tukakimbia. Hilo halihitaji maelezo kwako, ulikuwa umenishika nguo. Kabla ya kuondoka niliilaza mota nyuma ya nyumba chini ya makumbi ya nazi, nikaifunika mpaka likawa lundo tu kama malundo mengine. Tuliporudi milango haikuwepo, mabati hayakuwepo, sufuria hazikuwepo. Lundo la makumbi lilikuwepo. Unakumbuka tulivyolifukua kwa mikono, wewe upande ule mimi upande huu, mpaka ukaigusa taa ukapiga kelele? Panya walikuwa wamekula kiti, lakini mota ilikuwa mota.

Sasa sikiliza, hapa ndipo kosa lilipozaliwa.

Kati ya injini na kabureta kuna kishingo kifupi cha chuma. Pale kinapokutana na injini pana gasketi, karatasi ngumu nyembamba inayozuia hewa isipenye ubavuni. Nilipofungua nisafishe, gasketi ikaniachia vipande vipande mkononi. Wakati ule hapa Olumbi hapakuwa na pa kununua hata sindano. Nikakaa chini, nikawaza, nikajiuliza: kwani mimi ni binti wa nani?

Babu yako, baba yangu, alikuwa fundi wa kukalafati. Mashua ikivuja, anaitwa yeye azibe. Mimi nilikuwa nikimsokotea pamba juu ya paja, naichovya kwenye sifa, yale mafuta ya papa yanayokufuata na harufu yake mpaka ndotoni, naye anaipachika kati ya mbao kwa patasi na nyundo, taratibu, bila kuinua kichwa. Mashua aliyoikalafati babu yako haikuvuja. Basi na mimi nikasokota pamba, nikaichovya sifa, nikaizungusha pale kwenye kishingo, nikakaza bolti. Nikapiga kiki. Ikawaka!

Rehema, furaha ile nitaieleza vipi? Wachache waliokuwa wamerudi wakatoka kwenye magofu yao kuja kutazama. Bibi yako akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mtaa mzima haukuwa na chombo kinachonguruma isipokuwa changu, na nilikuwa nimekiwasha kwa pamba na mafuta ya papa. Nilijiona fundi juu ya mafundi.

Tangu siku ile, mota ikikimbia ni mzima wa afya. Ukiachia mkono wa mafuta tu, inakohoa mara mbili tatu, inazima.

Nawe ukawa mkono wake. Nikisimama sokoni kushusha vikapu, nikisimama kwa mteja, nikisimama hata kumpa mtu pole ya msiba: "Rehema, shika mafuta!" Unaruka, unashika, unavuta kidogo kidogo isife, huku mimi napatana bei. Kazi zako za shule ulizifanyia hapo, daftari juu ya tangi, kalamu mkono wa kushoto maana wa kulia ulikuwa kazini. Watoto wa mtaa wakatunga mchezo, mmoja anakuwa mota, mwingine anakuwa Rehema. Niliwacheka sana. Sikuona kwamba mchezo wao ulikuwa unanisema mimi.

Usidhani nilikaa tu. Ugonjwa niliutafuta, tena kwa bidii, kila mahali isipokuwa mahali pake. Kwanza nililaumu petroli. Nilimfuata bwana Chande pale anapouzia chupa zake barabarani, nikamwambia mbele ya wateja kwamba anatia maji.

"Mama Rehema," akasema, "petroli hii hii ndo wanayotia wenzio wote. Mbona zao hazizimi?"

Nikamwambia wenzangu wanamwogopa. Nikahama, nikawa nanunua kwa mwingine mbali zaidi. Mota ikazidi kuzima, nikasema na huyo naye ni wale wale.

Nikabadilisha plagi. Nikazungusha ile skrubu ya kupandisha mngurumo, nikaipandisha mpaka mota ikawa inafoka hata imesimama. Hiyo unaikumbuka, maana nilipotia gia iliruka na mimi ikaingia moja kwa moja kwenye meza ya Chande. Chupa zilivunjika, mwenyewe akaruka mtaro, na mimi, badala ya kumwomba radhi, nikasema meza imewekwa vibaya. Skrubu nikairudisha chini kidogo, na kuzima kukarudi.

Nikaenda kwa fundi wa Palma, yule kijana mpole. Akaisikiliza, akasema, "Mamã, haina ralanti," ndivyo wanavyouita ule mngurumo wa chini wa chombo kilichosimama. Akaifungua kabureta, akaipuliza, akaisafisha vizuri. Halafu kidole chake kikaenda pale kwenye kishingo. "E isto? Hii pamba ya nini?"

"Hiyo usiiguse," nikamwambia. "Hiyo ni kazi ya baba yangu."

Akainua mikono juu. "Está bem, mamã." Akaendelea na mengine. Nyani haoni kundule, mwanangu, na mimi langu nilikuwa nimelikalia kabisa.

Halafu ikaja siku ya kizuizi cha askari barabarani. Wewe ulikuwa shule. Nilikuwa na vikapu vya samaki wabichi na jua la mchana utosini. Askari akanyoosha mkono, nikasimama, lakini mafuta sikuyaachia. "Mamã, larga! Wachia!" Alikuwa kijana wa mbali, Kiswahili chake cha kuokota, lakini nilimwelewa. Pale anayeng'ang'ania mafuta ni mtu anayetaka kukimbia. Nikaachia. Ikazima. Karatasi zangu zilikuwa safi, akanipa ruhusa ya kwenda, lakini niende kwa nini? Nilipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Mwisho kijana yule yule akanisaidia kuisukuma kwenye mchanga mzito, akarudi zamuni, nami nikaendelea peke yangu mpaka nyumbani. Samaki niliwamwaga.

Ulinikuta nimetia miguu kwenye beseni. Ulisimama mlangoni na sare yako, ukaitazama miguu, ukaitazama mota, ukamgeukia bibi yako.

"Wallahi, bibi, mi siendi Pemba mpaka mota hii isimame yenyewe bila mkono wa mtu."

Na juma lile lile ndiyo tulikuwa tumepata habari ya kozi yako ya frio! Mtoto wangu akajifunze kutengeneza mafriji na mitambo ya barafu, kwenye nchi hii ambako samaki wanaharibika kabla mwenyewe hajamaliza kuwasifu. Niliomba dua kwa ajili ya nafasi ile mpaka nikadhani Mungu amenichoka. Nikakugombeza, nikakwambia kiapo kina kafara yake, funga siku zako uende. Ukasema hutaki kafara, unataka mota isimame. Bibi yako naye badala ya kunisaidia akasema, "Ameapa mjukuu wangu. Kiapo si leso, huvui ukaanika." Kichwa hicho kigumu umekitoa kwa nani sijui. Bibi yako anasema yeye anajua.

Siku zikaenda, mota ikazima, mpaka ikabaki leo. Gari linapita kesho asubuhi na msafara, na asiyefika kujiandikisha nafasi yake anapewa mwingine. Asubuhi ukachukua jembe ukaenda na bibi yako kung'oa mihogo, kana kwamba kesho ni siku kama siku nyingine. Hukulia. Ungelia ningeweza kukugombeza. Ulivyobeba jembe kimya vile, nilikaa kibarazani nikajiona nimekufunga kamba kwenye ule mkono wa mafuta kwa mikono yangu mwenyewe.

Basi nikaifuata mota. Nikafungua plagi, ilikuwa njema. Nikafungua kabureta, ilikuwa safi kuliko vyombo vyangu. Hasira zikanipanda, nikasema kama huponi, angalau uoge. Nikaiwasha, nikaufunga mkono wa mafuta kwa kipande cha leso isizime, maana nilitaka kuisikia huku naisugua, na nikachukua kopo la maji ya sabuni.

Maji yalipofika kwenye kishingo, sauti ikabadilika. Kikohozi kikakatika, ikanguruma sawasawa. Maji yakatiririka chini, kikohozi kikarudi. Nikamwaga tena, ikatulia tena. Na povu, Rehema! Povu lilikuwa linanyonywa kuingia kwenye pamba yangu, mbele ya macho yangu, bila haya.

Nikalia pale pale uani. Si kwa uchungu. Nililia kwa kuwa nilimkumbuka babu yako, na nilikumbuka ile nusu ya kazi yake niliyoisahau. Akimaliza kukalafati, watu wanamsifu, yeye hawajibu. Anaita maji. Tunaijaza mashua maji kwa ndoo ikiwa bado nchi kavu, naye anaizunguka kwa nje ameinama, anatafuta tone. Mwenye mashua analalamika, "Fundi, si umeshamaliza?" Babu yako anamwambia, "Nimemaliza kuziba. Sijamaliza kujua." Mimi nilirithi pamba yake, nikarithi sifa yake, nikajivunia jina lake mpaka Palma. Maji niliyaacha.

Mashua ikinywa maji mbao zake huvimba, pamba ikabanwa. Injini haivimbi. Petroli na moto viliiyeyusha sifa yangu, pamba ikabaki kavu, hewa ikawa inapita itakavyo. Mota ikikimbia, hewa hiyo kidogo haiisumbui. Ikisimama inavuta pumzi ndogo tu, na hewa ya wizi inaizidi nguvu. Huo ndio ugonjwa wote, na mganga wake alikuwa kopo la maji.

Kilichobaki kilikuwa gasketi, na Olumbi nzima mwenye karatasi ya gasketi alikuwa mtu mmoja, kwa kuwa ndiye anayetengeneza majenereta ya watu. Unamjua. Nilivaa ushungi vizuri, nikaenda.

"Bwana Chande, nimekuja kukuomba radhi."

"Ya maji au ya meza?"

"Zote."

Akaifuta meza yake taratibu, akizifurahia dakika zake. "Kwa hiyo petroli yangu leo imetakata?"

"Imetakata."

"Sema kwa nguvu, mama Rehema. Wateja hawakusikia."

Nikasema kwa nguvu, mpaka waliokuwa wanapita na baiskeli wakageuka. Akacheka, nikacheka, akaingia ndani akaleta karatasi, na mwenyewe akaja mpaka hapa uani na wembe wake. Tukapaka oili kwenye kishingo, tukakigandamiza juu ya karatasi kupata alama yake, tukakata, tukatoboa matundu ya bolti kwa msumari. Nilipoitoa pamba ya zamani ilikuwa nyeusi. Nilikaza bolti mwenyewe. Chande akasema haya, tayari. Nikamwambia bado, lete maji.

Nikaiwasha, nikamwagia kishingo kizima maji ya sabuni, nikainamisha sikio. Hakuna kilichobadilika. Nikamwaga kopo la pili kwa raha tu. Nikafungua kile kipande cha leso, nikaishusha ile skrubu mpaka mngurumo ukawa wa chini, nikaachia mkono, nikarudi nyuma. Mota ikabaki inanguruma, imetulia, haina habari na mtu. Chande alikuwa na kikombe chake cha kahawa. Alikinywa chote mpaka machicha, na mota ilikuwa bado inaendelea.

Nikwambie na hili. Nilipoisikia hivyo, nilifurahi, halafu furaha ikakatika ghafla. Niliona kwamba sasa hakuna kitu tena kati yako na lile gari la kesho. Nilikaa juu ya kinu nikaisikiliza. Kisha nikapanda, nikatia gia, nikaja kwenu shambani kwa mwendo ambao baba yako angenikataza.

Yaliyobaki uliyaona, lakini hukuyaona kutoka nilipokuwa mimi. Niliisimamisha mwisho wa matuta, nikaweka stendi, na kabla sijafungua mdomo wewe ulikuwa umeshatupa jembe, unakuja mbio, mkono wa kulia umetangulia mbele. Miaka yote hiyo nimekuita uishike, na leo hukungoja hata kuitwa. Nikapiga kelele, "Usishike!"

Ukasimama mkono hewani. Sijawahi kuona sura kama ile. Ulikuwa unaitazama mota, kisha unautazama mkono wako, kisha mota tena. Bibi yako akakaa juu ya fungu la mihogo, akasema, "Tungoje." Akachukua muhogo mmoja, akaumenya polepole kwa makusudi, na alipofika mwisho akachukua mwingine. Bikizee yule ana roho ngumu! Mota ikanguruma. Alipouweka chini ule wa pili ndipo akasema, "Kiapo kimetimia. Nenda kafungashe." Vigelegele alivyopiga vilikuwa vile vile vya siku ile ya makumbi, sauti haijazeeka hata kidogo. Nawe ukanirukia shingoni tukaanguka wote kwenye matuta.

Ndiyo hivyo nilivyoifanya.

Huko uendako utakosea, na makosa ya kushindwa hayanitishi, maana hayo yanapiga kelele yenyewe. Ninaloliogopa kwako ni lile kosa litakalokupa vigelegele. Mimi nilishuku petroli, plagi, fundi na meza ya watu, lakini kazi yangu iliyosifiwa sikuthubutu kuigusa, na aliyelipa ulikuwa wewe, kwa mkono wako. Kwa hiyo siku wakikusifu huko, furahi sana, cheza ukipenda, kisha uite maji. Na mtu akiweka kidole mahali akakuuliza, "Hii nini?" usimjibu nilivyojibu mimi.

Begi lako nimelifunga. Lile dera la kijani nimelitia hata kama umesema hulitaki.

Kesho nitakupakia mimi na begi lako mpaka barabarani. Gari likisimama, nitashuka, na mota nitaiacha inawaka. Nitakubebea begi, nitakukumbatia, nitabishana na dereva akupe nafasi nzuri ya kukaa, na sitamwita mtu yeyote. Ukishakaa, geuka nyuma. Nipungie mikono yote miwili, Rehema, ule wa kulia uwe juu kabisa, niione hina. Na mimi nitakupungia yote miwili. Wakikuuliza humo garini yule mwanamke anayeruka-ruka barabarani ni nani, waambie, "Ni mama yangu." Halafu waonyeshe ile mota inayonguruma kando yake, waambie watazame vizuri: hakuna aliyeishika.

Mama yako,
Zuhura